Duka la mtandaoni kutoka Tanga: WhatsApp Business, WooCommerce, Shopify au OpenCart?

Mwenye duka la khanga Ngamiani na mfungashaji wa iliki na mdalasini wa Amani huuliza swali lilelile wanapotaka kuuza mtandaoni: nitumie mfumo gani? Wengi hujibiwa kwa kuonyeshwa picha za maduka yaliyopendeza. Sura ya duka hubadilishwa kwa siku moja. Kinachokugharimu ukikosea ni njia ambayo hela ya mteja hupita kutoka kwenye simu yake mpaka oda iandikwe kwamba imelipwa. Mifumo hii inaachana hapo, na ulinganisho huu umeanzia hapo.

Oda moja kwa karibu

Mteja yuko Chumbageni, saa mbili usiku, ana simu ya laini mbili. Ameweka doti mbili za khanga kikapuni, na pamoja na usafiri ni shilingi 56,000. Anachagua kulipa kwa simu, anaandika namba, anabonyeza. Kikapu kinapeleka ombi kwa lango la malipo, yaani kampuni kama Selcom, Pesapal, AzamPay au ClickPesa. Lango linalipeleka kwenye mtandao wa simu. Mtandao unaitokezea simu ya mteja dirisha la kuweka namba ya siri. Akiiweka, hela inakatwa, mtandao unaliarifu lango, na lango linatuma ujumbe wa uthibitisho kwenye anwani maalumu ya duka lako. Duka likiupokea ndipo oda inapobadilika kutoka "inasubiri malipo" kuwa "inaandaliwa".

Mikono ni mingi, na kila mmoja unaweza kuangusha mzigo.

Cha kwanza ni namba yenyewe. Mteja ataandika 07, mwingine +255, mwingine ataacha nafasi katikati. Malango mengi yanataka 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa bila alama yoyote. Kikapu kizuri huisafisha namba chenyewe. Kibaya humwambia mteja "malipo yameshindikana" bila kusema kwa nini.

Cha pili, dirisha la namba ya siri halikai muda mrefu. Mteja akichelewa, au akiandika namba ya laini iliyo kwenye simu nyingine nyumbani, dirisha hujifunga. Yeye hurudi nyuma na kubonyeza tena. Kama mfumo unafungua oda mpya kila anapobonyeza, utakuwa na oda tatu za mtu mmoja na pengine malipo mawili. Kabla ya kuchagua programu ya malipo, jaribu jambo hili hasa: acha dirisha lipite, bonyeza tena, kisha hesabu oda upande wa msimamizi. Iwe moja.

Cha tatu ndicho kinacholeta ugomvi: hela imekatwa lakini uthibitisho haukufika dukani. Sababu zinajulikana. Cheti cha SSL, kinacholinda mawasiliano na tovuti yako, kimeisha muda, hivyo lango linakataa kuzungumza na seva yako. Ukuta wa ulinzi wa seva umeona ujumbe kutoka anwani usiyoijua ukauzuia. Au, na hii huwapita hata mafundi wazuri, duka lilisajiliwa kwenye lango likiwa na "www" mbele ya jina, baadaye likahamishiwa kwenye jina lisilo na "www". Ujumbe unapofika kwenye anwani ya zamani unaelekezwa mpya, na katika kuelekezwa huko yaliyomo yanadondoka. Duka linapokea barua tupu. Dawa ni kuandika kwenye lango anwani kamili ya mwisho, herufi kwa herufi, usitegemee kuelekezwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu mfumo wowote ni hili: uthibitisho usipofika, je, duka linaliuliza lango lenyewe "oda namba fulani imelipwa?" Programu ya malipo iliyotengenezwa vizuri huuliza kila baada ya dakika chache mpaka ipate jibu. Isiyouliza itakufanya ushinde kwenye simu ukilinganisha meseji na oda.

WhatsApp Business na Lipa Namba: usiidharau

Kwa duka linalopata oda chini ya tano kwa siku, tunashauri uanzie hapa na usilipe mtu yeyote akutengenezee tovuti. Katalogi ya WhatsApp Business ni bure na inabeba bidhaa hadi 500. Tangu Desemba 2020 ina kikapu: mteja anachagua vitu kadhaa, anavituma kama ujumbe mmoja, nawe unajibu kwa jumla na Lipa Namba. Wateja wa Tanga wanaijua tayari, na hawajazi fomu.

Inapokwama ni kwenye idadi ya mzigo. Katalogi haipunguzi kitu kinaponunuliwa. Doti ya mwisho ya rangi ya bluu inaweza kuahidiwa kwa watu wawili ndani ya dakika kumi, hasa ikiwa wewe unajibu kwenye simu na kijana wa dukani anajibu kwenye kompyuta iliyounganishwa. Pia malipo hayajiunganishi na oda. Ndiyo maana utaratibu uwe mkali: mzigo hautoki kwa picha ya meseji aliyokutumia mteja. Picha hutengenezwa. Fungua akaunti yako mwenyewe ya Lipa Namba, ona kiasi na kumbukumbu namba, ndipo ufunge kifurushi.

Unajua umeivuka WhatsApp pale unapoanza kukosa oda kwa sababu hukujibu usiku, au unapotumia zaidi ya saa moja kwa siku kuandika bei zilezile.

WooCommerce: ndiyo tunayoipendekeza kwa maduka mengi ya hapa

WooCommerce ni programu-jalizi, yaani nyongeza, inayogeuza tovuti ya WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) kuwa duka. Ilitoka mwaka 2011, na tangu 2015 iko mikononi mwa kampuni ya Automattic. Yenyewe ni bure. Unalipia jina la duka, nafasi kwenye seva, na fundi. Tunaipendekeza kwa sababu moja kubwa: lango la malipo la Tanzania linapotengeneza programu ya kuliunganisha na maduka, kwa kawaida ya WooCommerce huwa miongoni mwa za mwanzo. M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa, zinapatikana kupitia lango moja. Na fundi wa WordPress utampata Tanga mjini bila kupanda basi.

Ina mitego yake, na mingi inatokana na mipangilio ya kuanzia ambayo haikuandikwa ikiwafikiria wateja wetu.

Ukisakinisha leo, ukurasa wa malipo unakuja kwa muundo mpya wa vitalu (blocks), ambao umekuwa wa kuanzia kwa maduka mapya tangu toleo la 8.3 la Novemba 2023. Programu za malipo zilizoandikwa kwa muundo wa zamani hazionekani kabisa kwenye vitalu. Mwenye duka anaweka programu, anaiwasha, anaandika funguo zote, halafu ukurasa wa malipo unamwambia hakuna njia ya kulipa. Anadhani lango limemkataa. Dawa: fungua ukurasa wa malipo, toa kitalu, weka badala yake msimbo mfupi [woocommerce_checkout], hifadhi. Fanya hivyo pia kwenye ukurasa wa kikapu kwa [woocommerce_cart]. Njia ya malipo itatokea.

Kuna kipimo kinachoitwa "Hold stock", kinachokuja kikiwa dakika 60. Oda inayosubiri malipo ikipita muda huo hufutwa na mzigo unarudi. Kwa dirisha la namba ya siri, saa moja inatosha kabisa. Lakini ukimpa mteja kumbukumbu namba akalipie kwa wakala asubuhi, oda yake itakuwa imekufa kabla hajaamka. Panua iwe dakika 1,440, yaani siku nzima. Ukitumia Lipa Namba ya kuhakiki kwa mkono, chukua njia ya malipo ya benki iliyomo ndani ya WooCommerce, ibadilishe jina na maelezo. Oda za njia hiyo huwekwa "imesimamishwa" na hazifutwi zenyewe, ila mzigo unahesabiwa umetoka. Lazima mtu azipitie kila siku na kuzifuta zisizolipwa, la sivyo duka litasema khanga imekwisha na huku imejaa kabatini.

Kazi za ratiba ni tatizo la kimya. WordPress huendesha kazi zake za ndani pale mtu anapotembelea tovuti. Saa tisa usiku hakuna mgeni, hakuna kazi. Kwa hiyo ule ukaguzi wa malipo tuliousema unalala pia. Zima ratiba ya ndani kwa kuweka DISABLE_WP_CRON kwenye faili la wp-config.php, kisha weka ratiba halisi kwenye seva iite wp-cron.php kila dakika 5. Ni kazi ya robo saa kwa fundi anayejua, na inaokoa malalamiko mengi.

Kashe nayo. Programu za kuharakisha tovuti huhifadhi nakala ya ukurasa na kuigawa kwa kila mtu. Ikihifadhi ukurasa wa kikapu, mteja anaweka kitu, anafungua kikapu, kitupu. Kurasa tatu zisiguswe na kashe kamwe: kikapu, malipo, na akaunti yangu. Baada ya kuweka, jaribu kwa simu mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Mengine ni madogo. Weka desimali ziwe 0, maana shilingi 56,000.00 inamchanganya mteja na baadhi ya malango hukataa kiasi chenye nukta. Toa sehemu ya msimbo wa posta, au ifanye isiwe ya lazima. Watu huacha oda pale. Kwa Kiswahili, tafsiri iliyopo haijakamilika, hivyo tumia nyongeza ya Loco Translate uandike mwenyewe maneno ya vitufe: "Weka kikapuni", "Endelea kulipia". Maneno hayo ishirini au thelathini yanastahili jioni moja ya kazi yako, kwa sababu mteja anayeelewa kitufe anakibonyeza.

Seva iwe na kumbukumbu ya PHP (lugha inayoendesha WordPress) isiyopungua MB 256. Ukikodi nafasi ya bei ya chini kabisa, duka litafunguka vizuri likiwa na bidhaa 20, kisha litaanza kuonyesha ukurasa mweupe bidhaa zikifika mia chache.

Usafiri: mkoa si mji

Tunasimama kidogo hapa kwa sababu ndipo wauzaji wengi wanapopoteza faida bila kujua.

Maeneo ya usafiri ya WooCommerce hupangwa kwa nchi, mkoa au msimbo wa posta. Ukiandika "Tanga, shilingi 3,000", mteja wa Raskazone atalipa 3,000 na bodaboda itafika. Mteja wa Lushoto naye atalipa 3,000, kwa sababu Lushoto ni mkoa wa Tanga. Kilindi pia. Mfumo hauna kosa, umeuambia hivyo.

Njia inayofanya kazi bila kununua kitu: ndani ya eneo moja la mkoa wa Tanga, weka bei kadhaa za kudumu, mteja achague mwenyewe. Ya kwanza iitwe "Ndani ya jiji, bodaboda". Ya pili "Muheza, Korogwe, Pangani, basi". Ya tatu "Lushoto, Handeni, Kilindi, basi". Ya nne "Nitachukua dukani", bure. Wateja wachache watachagua bei ya chini kwa makusudi. Utawaona kwenye oda na kuwapigia. Mikoa mingine iwekewe eneo lake, na Dar es Salaam eneo la peke yake kwa sababu ndiko wateja wengi waliko na vifurushi vinatoka Kange kila siku. Kumbuka mfumo huyasoma maeneo kutoka juu kwenda chini na kuchukua la kwanza linalolingana. Eneo la "Tanzania nzima" likikaa juu, yote ya chini yake hayatasomwa.

Ongeza sehemu moja ya lazima kwenye fomu: "Utapokelea wapi?" Kwa kifurushi cha basi jina la stendi lina maana kuliko jina la mtaa. Mbezi, kituo cha Magufuli, ni jibu kamili. "Dar" si jibu.

Shopify, duka la kukodi tutakaloeleza hapa chini, ina huduma ya kufikisha mzigo wa karibu inayoweza kupimwa kwa umbali wa kilomita kutoka dukani. Inavutia, lakini inategemea ramani iielewe anwani, na "Barabara ya 12 mkabala na msikiti" ramani haiisomi. Kwa Tanga, orodha ya kuchagua kwa mkono ndiyo salama hata huko.

Shopify: unalipa ili usisumbuke

Shopify unakodi kila kitu: seva, kikapu, ulinzi, sasisho. Hakuna wp-config.php, hakuna kashe ya kupanga. Kama huna fundi na hutaki kuwa naye, hiyo ni faida ya kweli. Na kama bidhaa zako ni vikapu na mazulia ya mkonge unayowauzia wageni wanaolipa kwa kadi kutoka Ulaya, duka la Shopify linafunguka haraka kwao na wanauzoea ukurasa wake wa malipo.

Kwa mteja wa hapa nyumbani, mizani inageuka. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipatikani kwa maduka ya Tanzania, hivyo lazima upitie lango la nje. Ukitumia lango la nje, mpango wa Basic wa Shopify unakukata asilimia 2 ya kila oda, juu ya makato ya lango lenyewe. Tena huwezi kumwita fundi akuandikie programu ya malipo akaibandika. Njia za malipo za kwenye ukurasa wao hupitia idhini ya Shopify kwanza. Uhakikishe lango unalolitaka limo kwenye orodha yao kabla hujalipia hata mwezi mmoja.

Kuna mlango wa pembeni wa halali. Njia za malipo za mkono, kama malipo ya wakati wa kupokea au maelezo ya Lipa Namba uliyoandika mwenyewe, hazikatwi ile asilimia 2. Mteja anaona maelekezo, analipa, unahakiki, unaiandika oda kuwa imelipwa. Kwa oda kumi kwa siku inabebeka. Kwa hamsini utahitaji mtu wa kazi hiyo peke yake.

Tuweke hesabu ya mfano. Duka lina oda 120 kwa mwezi, wastani wa shilingi 45,000 kila moja, jumla 5,400,000. Asilimia 2 ni 108,000. Tuseme kodi ya mwezi ni dola 39 na dola ni shilingi 2,600: 101,400. Jumla 209,400 kabla ya makato ya lango. Duka lilelile kwenye WooCommerce: seva 180,000 kwa mwaka na jina la duka 30,000, yaani 17,500 kwa mwezi, fundi wa kulitazama 100,000 kwa mwezi. Jumla 117,500. Sasa punguza oda ziwe 30 kwa mwezi. Mauzo ni 1,350,000, asilimia 2 ni 27,000, Shopify jumla 128,400. WooCommerce inabaki 117,500. Kwa duka dogo tofauti ni bei ya kilo chache za mchele, na utulivu wa Shopify unaweza kuwa na thamani hiyo. Duka linapokua ndipo asilimia inapouma. Ingiza namba zako mwenyewe kabla ya kuamua. Bei ya seva na ya fundi hutofautiana sana.

Jambo la kuangalia kabla ya kuingia ni namna ya kutoka. Shopify inakuruhusu kupakua bidhaa, wateja na oda kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi. Lakini ndani ya faili hilo picha si picha, ni anwani za picha zilizo kwenye seva zao. Ukifunga duka kabla ya kuzishusha, anwani zinabaki, picha zinaondoka. Hifadhi picha zako za asili kwenye diski yako tangu siku ya kwanza, kila moja ikiwa na jina la bidhaa.

OpenCart, na neno kuhusu PrestaShop

OpenCart ni bure, ni nyepesi, na ni duka tangu mwanzo. Haikubandikwa juu ya kitu kingine. Duka la vipuri lenye bidhaa 6,000 linakwenda vizuri kwenye seva ambayo WooCommerce ingeanza kuhema. Kama una fundi wako wa PHP aliyeajiriwa, inafaa.

Kasoro yake ni matoleo. Nyongeza za toleo la 3 hazifanyi kazi kwenye toleo la 4, na maduka mengi bado yako la 3 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo uliza lango la malipo "programu yenu ni ya toleo gani la OpenCart?" kabla ya kusakinisha, halafu sakinisha toleo hilo. Wengi hufanya kinyume, wakachukua jipya zaidi, wakakwama. Baada ya kuweka nyongeza kwenye toleo la 3, ingia sehemu ya mabadiliko (Modifications) na ubonyeze kitufe cha kuonyesha upya (Refresh). Usipobonyeza utadhani nyongeza haikuingia. Futa folda ya "install", na kubali onyo la mfumo linalokutaka uhamishe folda ya "storage" itoke kwenye eneo linaloonekana na umma.

PrestaShop, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2007, ina nguvu kwenye lugha nyingi na ankara, lakini ni nzito, nyongeza zake nyingi ni za kulipia, na fundi wake ni adimu huku. Hatuoni sababu ya duka la Tanga kuanza nayo.

Bidhaa inayopimwa kwa gramu

Mfungashaji wa viungo atakutana na hili kwenye mifumo yote mitatu. Una iliki kilo 20 kwenye gunia moja. Unaiuza kwa gramu 100, 250 na 1,000. Ukiweka idadi ya pamoja ya bidhaa, WooCommerce inapunguza 1 kwa kila kipande kinachouzwa, iwe pakiti ya gramu 100 au ya kilo nzima. Shopify inahesabu kila ukubwa peke yake na haijui kwamba zote zinatoka gunia moja. Matokeo ni yaleyale: kwenye kioo bado una iliki, gunia limekwisha.

Suluhisho la bei nafuu liko stoo. Fungasha kabla ya kutangaza: pakiti 80 za gramu 100, 32 za gramu 250, nne za kilo. Hizo ni kilo 20 kamili. Weka idadi ya kila ukubwa peke yake, na kila pakiti inayouzwa iwe imeshafungwa. Ukitaka kubadilisha mgawanyo, badilisha pakiti kwanza, kisha namba.

Picha na bando

Mteja wako anafungua duka kwa bando. Picha 30 za MB 2 kutoka kwenye kamera ya simu ni MB 60, hatasubiri. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 800, aina ya WebP, KB 80 kila moja: ukurasa mzima unakuwa MB 2.4. Kwa khanga, piga picha mbili: doti nzima, na jina lililoandikwa likisomeka. Jina ndilo linalouza.

Yasiyofanywa na kikapu chochote

Ankara inayotoka kwenye mfumo wa duka si risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Kama unatakiwa kutoa risiti ya EFD, unaitoa kwenye mashine au kwenye mfumo wa kielektroniki unaotambuliwa na TRA, na unaiweka ndani ya kifurushi. Bei zako ziwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa mauzo ya ndani, hivyo duka la Shopify lililofunguliwa kwa dola libadilishwe kabla halijapokea oda ya kwanza. Na orodha ya majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Usajili uko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha hiyo usiipakue na kuisambaza kwenye makundi.

Kabla ya kutangaza duka, nunua mwenyewe kwa shilingi 1,000 kwenye kila mtandao wa simu unaoutaja kwenye ukurasa wa malipo. Kila mtandao mara tatu: moja ulipe kawaida, moja uweke namba ya siri isiyo sahihi, moja uache dirisha lijifunge. Andika pembeni oda imebaki na hali gani kila mara, na muda uliopita hadi ikabadilika. Ya kawaida iwe imebadilika ndani ya dakika mbili bila wewe kugusa kitu. Kisha zima intaneti ya simu mara tu baada ya kuweka namba ya siri, uone kama oda itajiandika imelipwa hata mteja asiporudi kwenye ukurasa. Isipojiandika, duka bado halijawa tayari. Mrudishie fundi na mmalize hapo kwanza.